Aya ya Maelezo na Namna ya Kuifundisha

Aya ya maelezo ni fungu la sentensi linalojibu swali moja kuhusu kitu, mahali, tukio au kazi fulani. Vitabu vya insha huitajia sehemu tatu: sentensi kuu, sentensi za kuifafanua na sentensi ya kufungia. Hiyo ya tatu si lazima, na aya nyingi hupendeza zaidi isipokuwepo.

Mwanafunzi akiambiwa aandike aya kuhusu karafuu, huandika kila anachokijua kwa namna kinavyomjia. Tuseme kaandika hivi: “Karafuu ni zao la biashara. Karafuu hulimwa Unguja na Pemba. Karafuu huanikwa juani. Karafuu zina harufu nzuri. Karafuu huchumwa kabla hazijachanua. Mafuta ya karafuu hutuliza jino.” Hakuna uongo hapo. Lakini ukizichanganya sentensi hizo upya, msomaji hatagundua, na aya ambayo sentensi zake zaweza kubadilishana viti bila kelele bado haijawa aya.

Kumwandikia pembeni kwa wino mwekundu “mtiririko mbaya” hakumsaidii. Aulizwe: aya yako inajibu swali gani? Akichagua swali la namna karafuu zinavyotayarishwa, basi biashara, mahali, harufu na jino vinatoka. Si makosa, vinangoja aya yao. Sentensi zilizobaki hupangwa na kazi yenyewe: “Karafuu huhitaji mikono mingi kabla ya kufika ghalani. Huchumwa vishada vizima, zikiwa bado hazijachanua. Kisha huchambuliwa, makonyo yakatengwa kando. Baada ya hapo huanikwa kwenye majamvi kwa siku kadhaa, zikigeuzwageuzwa mpaka zikauke na kugeuka rangi ya hudhurungi. Mvua ikitishia, huanuliwa haraka.” Sasa jaribu kuhamisha sentensi hata moja.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu aweza kuandika sentensi hizo kwenye vikaratasi, akachomeka moja ngeni, kisha akawapa wanafunzi wawiliwawili wazipange na kuitoa ile isiyohusika. Kubishana kwao ndiko somo lenyewe. Anayesema “hii haiwezi kutangulia” lazima aseme kwa nini, na sababu yake karibu kila mara huwa neno moja ndani ya sentensi.

Neno hilo mara nyingi ni la upatanisho. Ngeli hufanya nusu ya kazi ya mshikamano: “zikigeuzwageuzwa” haiwezi kuhusu makonyo wala majamvi, hivyo jina halina haja ya kurudiwa. Kiambishi “hu-”, ambacho ndicho hasa cha mambo ya kawaida na ya kila siku, kina gharama yake: hakibebi ngeli. Mwandishi akiandika “huchumwa, huanikwa, huuzwa” mfululizo, msomaji hupotea, asijue nini kinauzwa. Dawa ni kuingiza kitenzi chenye kiambishi cha ngeli au kutaja jina tena. Wanafunzi wengi hawaambiwi hili. Huambiwa tu watumie viunganishi. Matokeo yake kila sentensi huanza na “pia”, “vilevile” na “aidha”, hata pasipo na kinachoongezwa. “Aidha” yenyewe imepata balaa lake, maana wengi siku hizi huitumia kwa maana ya “ama”.

Methali nayo ina mahali pake katika insha nyingine. Katika aya ya maelezo, kuanza na methali ni kumchelewesha msomaji mlangoni.

Muda wa mtihani hauzuii kupanga. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya insha ya Kiswahili humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 kwa insha 2. Dakika chache za kuandika swali la kila aya kando ya karatasi hurudi maradufu, kwa kuwa aliyejua swali hakwami katikati.

Mada za kuanzia ziwe zile ambazo mikono ya mwanafunzi inazijua: kusuka ukili, kukanda chapati, kutega samaki. Mtoto wa Wete, kisiwani Pemba, aliyewahi kuacha mchezo akimbilie kuanua karafuu mawingu yakitanda hahitaji kufundishwa kipi hutangulia. Anahitaji kuonyeshwa tu kwamba utaratibu huohuo alioukimbilia ndio unaotakiwa kwenye daftari.