Nafasi ya kufulia (Soweto East, Kibera)

Nafasi ya kufulia ni sehemu ya makao inayotengwa kwa kufua, kusuuza na kuanika nguo. Katika Soweto East, kijiji kilicho upande wa mashariki wa Kibera jijini Nairobi, kwa miaka mingi sehemu hiyo haikuwamo ndani ya nyumba. Chumba cha udongo na mabati, cha takriban futi 12 kwa 12, kilijaa kwa kitanda, viti na jiko. Karai liliwekwa mlangoni, maji yakanunuliwa kwa mtungi wa lita 20, na yaliyokwisha kutumika yakamwagwa mtaroni kuelekea bondeni, upande wa Bwawa la Nairobi. Nguo zilianikwa kwenye kamba juu ya kichochoro. Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, mambo ni tofauti kidogo: ploti nyingi ni mali ya watu binafsi, na vyumba huzunguka ua mmoja ambamo wapangaji hugawana bomba na kamba.

Suala la mahali pa kufulia lilikuja na ujenzi mpya. Chini ya KENSUP, mpango wa kuboresha makazi duni ambao serikali ya Kenya ilitia saini makubaliano yake na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003, Soweto East iliteuliwa kuwa kijiji cha mfano. Septemba 2009 wakazi walianza kuhamishiwa kwenye nyumba 600 za muda huko Lang'ata, familia tofauti zikitumia jiko na choo kimoja. Ujenzi wa Zone A, mojawapo ya sehemu za kijiji hicho, ulizinduliwa Machi 2012, na mwaka 2016 nyumba 822 za chumba kimoja, viwili na vitatu zikakamilika katika majengo ya ghorofa.

Aliyezoea kufua chini, mlangoni pake, sasa anafua ghorofani. Mabadiliko haya ni mazito kuliko yanavyoonekana kwenye ramani. Mtungi uliojaa una kilo 20 za maji, na maji ya Nairobi huja kwa mgao. Siku bomba likikauka, kila lita hupandishwa kwa ngazi. Kwa hiyo nafasi ya kufulia huhitaji pia pembe ya kuweka mapipa ya akiba, na sakafu inayostahimili uzito huo.

Mahali panapofaa ni penye ukuta mmoja na bafu au jiko, ili bomba la maji taka liwe moja. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, walau sentimita 2 kwa kila mita, na kizingiti kizuie povu lisiingie sebuleni. Jua nalo lina hesabu yake. Nairobi iko karibu sana na Ikweta: mwezi Juni jua huegemea kaskazini, Desemba kusini. Roshani inayotazama kaskazini tu itakosa jua mwisho wa mwaka, na ya kusini italikosa katikati ya mwaka, wakati ambao tayari una baridi na mawingu. Iliyo wazi mashariki au magharibi hupata jua miezi yote. Paa lina jua na upepo wa kutosha, lakini liko mbali na jiko na mtoto, na nguo zisizo na mlinzi huibwa. Roshani iliyo kando ya jiko ndiyo bora, hata kama itapunguza sebule kwa hatua moja.

Ujuzi wa jambo hili uko Kibera kwenyewe. Wanawake wengi wa hapo hufanya kazi ya mama fua, yaani kuwafulia watu nguo, katika mitaa ya jirani, wakilipwa kwa siku, na wameshafulia kwenye roshani, bafu na nyua za kila aina. Wanajua karo lipi linaumiza mgongo na tundu lipi huziba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na usafi wa kiwango kinachofaa. Kwa hiyo, wanaochora nyumba za zone zilizobaki wawaite akina mama hawa mezani kabla ukuta wa kwanza haujasimama.