WALIOGOMEA SPIDI YA KIWANDANI: Stori ya prosesa, penseli na joto

Wadau, leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Nawaletea watu ambao hujawahi kuona picha zao popote. Wengi wao walijulikana mtandaoni kwa majina ya utani tu, na wengine hata hayo hawakuwa nayo. Lakini mchango wao umo ndani ya kompyuta unayochezea gemu, na ndani ya ile ya studio inayomiksi ngoma unazozipenda.

Hawa ni watu wa ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kwa spidi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kiwandani.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana bila hiki stori yote haina maana. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Ukisikia megahezi 300, maana yake ni mapigo milioni 300 kwa sekunde moja. Sasa kiwandani hawatengenezi za haraka huku na za polepole kule. Sahani moja ya silikoni inakatwa vipande vingi, kila kipande kinapimwa, halafu kinapewa lebo kulingana na kilivyofaulu. Na hapo ndipo kuna siri ya biashara: uzalishaji ukienda vizuri, vipande vingi vinafaulu mtihani wa juu, lakini wateja wengi wanataka vya bei rahisi. Basi kipande kizuri kinabandikwa lebo ndogo, kinauzwa kwa bei ndogo. Nguvu imo ndani, ila hujaambiwa.

Kristali ya IBM

Mwaka 1984 IBM walitoa kompyuta iliyoitwa PC/AT. Prosesa yake, Intel 80286, ilikuwa inakimbia megahezi 6. Mapigo yake yalitoka kwenye kijidude kidogo kinaitwa kristali, cha megahezi 12, kisha yanagawanywa kwa mbili. Wajanja wakagundua kwamba kile kijidude kinachomoka. Unakitoa, unachomeka cha megahezi 16, mashine inakimbia 8. Kwa pesa kidogo tu umeongeza theluthi nzima ya spidi.

IBM walifanya nini? Mwaka 1985 wakabadilisha Bayosi, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha mashine, ikawa inapima spidi na kugoma kuwaka ikikuta imezidi. Watu nao wakaja na vifaa vya kuiwasha kwa megahezi 6, halafu kuipandisha ikishaamka. Mwaka 1986 IBM wenyewe wakaleta sokoni AT ya megahezi 8. Yaani kile kile walichokuwa wanakizuia.

Ishike hiyo picha, kwa sababu itajirudia mpaka mwisho wa stori: mtu anagundua, kampuni inafunga, kisha kampuni inauza.

Mwaka wa maajabu, 1998

Miaka ya 90 matapeli nao wakaingia. Walikuwa wanafuta maandishi juu ya prosesa ya polepole, wanaandika namba kubwa, wanauza kwa bei ya juu. Mnunuzi anapigwa bila kujua. Intel ikaanza kufunga kizidishio, yaani ile namba inayozidishwa na mapigo ya mazabodi ili kupata spidi ya prosesa. Sababu ya matapeli ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini kufuli lile lile liliwafungia na vijana waliokuwa wanakimbiza mashine zao wenyewe, waliyoyanunua kwa jasho lao.

Ila kufuli lilikuwa na upenyo. Agosti 1998 ikatoka Celeron 300A. Kizidishio chake kilifungwa kwenye 4.5, na mapigo ya mazabodi yalikuwa megahezi 66, jumla 300. Vijana wakasema sawa, kizidishio hakigusiki, lakini mazabodi ni yetu. Wakapandisha mapigo kutoka 66 hadi 100. Piga hesabu: 4.5 mara 100 ni 450. Zikawaka, tena nyingi tu!

Utamu wake ni huu. Siku hiyo hiyo Intel ilizindua Pentium II ya megahezi 450 kwa bei ya jumla ya dola 669. Celeron 300A ilikuwa dola 149. Kwenye gemu, ile ya bei rahisi ikikimbizwa ilikuwa inakaa meza moja na kaka yake mkubwa. Kwa mazabodi ambazo hazikuruhusu kubadilisha mapigo, watu walikuwa wanafunika mguu mmoja tu wa prosesa, unaoitwa B21, kwa kipande cha tepu au rangi ya kucha. Mazabodi inadanganyika, inatoa megahezi 100 yenyewe.

Penseli ya shule

Mwaka 2000 zamu ikawa ya AMD. Athlon na Duron zao zilikuwa na vidaraja vidogo juu ya prosesa, vimekatwa kiwandani ili kizidishio kisiguswe. Mtu akakumbuka kwamba risasi ya penseli inapitisha umeme. Ukichora mstari mdogo kuunganisha kidaraja, kufuli limefunguka. Penseli tu, hii hii ya darasa la kwanza! Kwenye Athlon XP za mwaka 2001, sehemu ya vidaraja ikawa imechimbwa vishimo kwa leza, penseli ikashindwa kuvuka. Watu wakaziba vishimo kwa gundi, kisha wakapaka rangi inayopitisha umeme. Mchezo ukaendelea.

Hakimu ni joto

Hapa sasa tuongee ukweli, maana wengi wanaishia kwenye utamu tu. Spidi ina bei, na bei yake ni joto. Ukiongeza mapigo kwa asilimia 20, joto linapanda kwa kiasi kama hicho. Lakini ukiongeza na volti ili mashine isizime, joto linapanda kwa mraba wa volti. Volti zikipanda asilimia 10 tu pamoja na hayo mapigo, prosesa inatoa joto zaidi kwa takriban asilimia 45. Hiyo 45 lazima iende mahali, la sivyo inabaki ndani.

Mwaka 2001 tovuti moja ya kompyuta ilionyesha video iliyotikisa watu. Walichomoa kipoozeo huku gemu linaendelea. Pentium 4 ikapunguza spidi yenyewe ikabaki hai. Athlon ikatoa moshi ndani ya muda mfupi sana, ikafa. Prosesa za leo karibu zote zina ulinzi wa kujipunguza, lakini siku zile ulinzi wako ulikuwa feni yako.

Kazi ya kipoozeo ni kuhamisha joto kwenda kwenye hewa. Bamba lenye mapezi na feni linafanya hivyo, mfumo wa maji nao hivyo hivyo, ila kwa uwezo mkubwa zaidi. Vyote viwili haviwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Ndiyo maana jamaa wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 18 ameshakuzidi nyuzi 14 wewe uliye Dar kwenye chumba cha nyuzi 32, hata kama mmenunua kifaa kile kile. Ukiona video ya mtu anajisifu spidi, jiulize kwanza anaishi wapi.

Wanaotaka kushuka zaidi wanatumia nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwishoni mwa 2003 wakavusha Pentium 4 ng'ambo ya gigahezi 5. Shida yao haikuwa joto tena, ilikuwa unyevu. Unyevu wa hewa unaganda, ukiyeyuka unakuwa maji juu ya umeme. Dawa mojawapo? Mafuta ya mgando, haya haya unayojipaka baada ya kuoga, wanapaka kwenye mazabodi.

Na joto hilo halikuwaonea vijana peke yao. Intel iliwahi kuota gigahezi 10. Mei 2004 ikafuta prosesa iliyokuwa inaiandaa kumrithi Pentium 4, ikahamia kwenye kuweka viini viwili na zaidi ndani ya prosesa moja. Ukuta waliougonga watu wa ovakloki, kampuni nayo iliugonga.

Kufuli likawa bidhaa

Mwaka 2010 Intel ilijaribu kuuza kadi ya dola 50. Unaikwangua kama vocha, unaingiza namba, na Pentium G6951 uliyokwisha kuinunua inafungua uwezo uliokuwa umezimwa. Watu walipiga kelele sana, na mpango haukudumu. Lakini Januari 2011 ikaja njia ya kistaarabu zaidi: i5-2500 dola 205, i5-2500K dola 216. Hiyo herufi K ndiyo ufunguo, dola 11. Mwaka 2012 wakauza mpaka bima kwa anayeunguza prosesa kwa kuikimbiza.

Wakati huo huo prosesa zilikuwa zimeanza kujikimbiza zenyewe. Turbo Boost ya mwaka 2008 ni wazo lile lile la vijana, ila sasa linafanywa na kiwanda: kama joto linaruhusu, panda. Mwishoni mwa 2022 wataalamu waliivusha Core i9-13900K gigahezi 9 kwa heli ya kimiminika. Dukani inajipandisha yenyewe hadi 5.8. Aliyekuwa anakufungia sasa anakukimbizia.

Na bei ikalipwa. Mwaka 2024 wateja wa kizazi cha 13 na 14 walilalamika mashine zinakwama hovyo, hata wale ambao hawajagusa chochote. Intel ikakiri kwamba prosesa zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya Bayosi na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Ila prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi kwa programu. Inabadilishwa tu.

Kwa hiyo mdau, ukinunua mashine, iwe mpya au ya mtumba, usiishie kusoma lebo. Lebo ni makubaliano ya biashara, na historia imeonyesha inaweza kuficha nguvu, kufutwa na tapeli, au kuahidi kuliko silikoni inavyoweza. Washa, ipe kazi nzito nusu saa, tazama joto na spidi kwa macho yako. Safisha vumbi kwenye mapezi. Halafu ndiyo uamue kama utaikimbiza, ukijua kwamba umeilipia wewe na ikiungua ni yako.

Swali la leo: aliyeuza kitu chenye nguvu iliyofichwa, na aliyeifungua kwa penseli, nani alikuwa na haki? Tupia maoni yako hapo chini.