Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi: Historia Fupi kwa Wasomaji wa Mara

Mwaka 2002, katika Mji Mkongwe wa Unguja, kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi hukiita kwa herufi nne tu za jina lake la Kiingereza, DCMA. Kwa miaka mingi kilikuwa katika jumba la Forodha ya zamani, Mizingani, linalotazamana na bahari. Nawaandikia historia yake wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama kwa sababu hapo, katika nchi yetu hii, kijana asiye na mjomba mwanamuziki wala baba mwenye fedha aliweza kupewa fidla, akafundishwa kuishika, na baada ya muda akaketi kwenye orkestra pamoja na wazee.

Orkestra Zanzibar ni jambo la zamani. Simulizi za taarab huanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 kikafuata kile kinachojulikana leo kama Culture Musical Club. Jukwaani utaona safu ya fidla, udi, kanuni, nai, akodioni, besi, pembeni ngoma ndogo za dumbak na rika, na nyuma waitikiaji.

Vikundi hivyo vilijua sana kupiga, lakini havikuwa shule. Kijana alijiunga kwa kujulikana na mtu, akabeba ala za wakubwa, akakaa kando kusikiliza, na siku mwenye fidla asipofika ndipo alipojaribiwa. Njia hiyo imezaa mafundi wakubwa, nami naiheshimu. Kasoro yake ni kwamba elimu yote ilikaa kichwani na vidoleni mwa watu wachache, na mzee akifariki alizikwa nayo. Waliokianzisha chuo waliliona hilo mapema, wakati mabingwa wengi walikuwa bado hai. Mwimbaji Bi Kidude mwenyewe, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa bado anapanda jukwaani.

Jina lenyewe lilitaja upeo wa kazi: nchi zote zilizofikiwa na jahazi zikisukumwa na kaskazi na kusi, kuanzia Uarabuni na India hadi visiwa vya Ngazija. Humo darasani maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zilifundishwa pamoja na noti za Kizungu, na ngoma za Unguja na Pemba zikapewa nafasi pamoja na jazi. Nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya. Mwanafunzi wa kidumbak, taarab ile ya mitaani inayopigwa kwa ngoma mbili ndogo, fidla, na sanduku lenye uzi mmoja linalotoa sauti ya besi, hakuambiwa kwamba muziki wake ni wa chini. Alikaa darasa moja na mpiga piano.

Chukua kanuni, ala inayotisha wanaoanza. Huwekwa mapajani au mezani, nyuzi zikiwa sabini na kitu, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na ndani ya pete huchomeka kijiti chembamba cha kuchapia nyuzi. Upande wa kushoto kuna vyuma vidogo vya kuinua na kushusha; kwa hivyo hupatikana sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano, zile zinazoifanya taarab isikike taarab. Kabla ya wimbo wowote, nyuzi zote lazima zilinganishwe, na hewa ya bahari huzilegeza tena. Mtoto aliyevumilia hatua hiyo amekwishajifunza nusu ya uanamuziki.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa kwa wasichana. Zanzibar ilimpa dunia Siti binti Saad, aliyerekodi sahani Bombay mwaka 1928, lakini kwa muda mrefu mwanamke katika taarab alikuwa mwimbaji; ala zilikuwa za wanaume. Chuoni wasichana walishika udi, fidla na kanuni. Siti Amina, mpiga udi na mwimbaji, alitokea humo, akaunda na wenzake kundi la Siti and the Band, ambalo limepiga hata nje ya Afrika.

Fedha ndiyo sura ngumu. Ada iliwekwa chini makusudi ili maskini waingie, kwa hiyo gharama zilibebwa na wafadhili, wakiwemo wa balozi za nje. Walipopungua, chuo kikayumba. Mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinaweza kufungwa, huku wengi wa wanafunzi wake wakiwa hawamudu hata ile ada ndogo. Kutegemea mkono wa mgeni kwa mishahara ya walimu ni hatari, na anayetaka kuanzisha chuo kama hiki aanze na swali hilo kabla ya kununua ala.

Sasa tutazame kwetu. Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Nyerere, ndiye aliyeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, akiyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja. Mara tunazo kwaya zinazoimba sauti nne kila Jumapili, na tunao wazee wa Kikurya wanaopiga litungu lenye nyuzi nane. Kijana wa Bunda mwenye kipaji hapaswi kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kisha apande boti ndipo apate mwalimu wa fidla. Halmashauri zetu, makanisa, na wana Mara mlioko mijini: chumba kimoja Musoma, mwalimu mmoja wa noti na mzee mmoja wa litungu, wote wakilipwa na sisi wenyewe, vinatosha kuanzia. Wazee hao waajiriwe wangali na nguvu za kufundisha.