Bro Wako Amekuwa Kimya Sana? Muulize Wazi, Swali Haliui

Kuna ule bro wa nyumbani alikuwa anaongea hadi unachoka. Siku hizi anaingia, anasema "niko poa" na kujifungia chumbani. Usiku halali, mbogi yake ikimpigia simu hashiki. Halafu ghafla anaanza kupeana vitu vyake alivyovipenda, ama anatupa neno kama "mtakaa tu sawa bila mimi." Mathe anasema ni umri, mzae anasema ni uvivu. Usiwaskize sana hapo. Hizo dalili zikija pamoja, haswa baada ya msee kupoteza kazi, kuachwa ama kulemewa na madeni ya simu, usingoje wiki ijayo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya 3 ya vifo. Ni sisi hao.

Sasa, wengi huogopa kuuliza wakidhani watampandia hilo wazo kichwani. Si kweli, na WHO imelisema hilo wazi. Kuuliza hakumsukumi mtu, mara nyingi kunampunguzia mzigo. Mtafute mkiwa wawili tu, labda mkitembea kwenda dukani, si mbele ya watu wakila. Mwambie: "Bro, naona umelemewa. Umekuwa ukifikiria kujiua?" Kisha nyamaza umskize. Huko kunyamaza ndiko kugumu.

Akikubali, usimwambie wengine wana shida kumshinda, wala "kaza, wewe ni mwanaume." Maombi ni sawa, lakini yaende pamoja na daktari. Muulize kama ashapanga kufanya hivyo. Kama ndiyo, usimwache pekee yake hata dakika, ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mwende hospitali usiku huo huo. Mathari, pale Thika Road, si "kwa wazimu" vile tulitishwa tukiwa watoto. Ni hospitali ya rufaa. Na akikuomba umfichie siri, kataa kwa upole: mwambie utamwambia nani na kwa nini.

Namba za kusave leo: Befrienders Kenya 0722 178 177, na Red Cross 1199, hiyo haikuli kredo.

Familia nyingi zilinyamaza pia kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, jela hadi miaka 2. Hebu fikiria, mtu anatoka wodi anaingia seli! Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo mkifika kwa daktari, semeni ukweli wote. Hakuna haja ya kudanganya ati ni ajali.

Akirudi nyumbani, hapo ndipo watu hulegea, na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo hatari zaidi. Mpeleke kliniki tarehe ikifika, hakikisha dawa anameza, mtumie meseji hata kama hajibu. Gawaneni zamu na masista na mabinamu, usibebe pekee yako. Na ukichoka, hizo namba hupokea hata simu ya anayemuuguza.