Usiku wa nyavu tupu: namna wazee wetu walivyojua kukosa

Aliyekulia Swima, katika teritwari ya Fizi, anaijua sura ya mvuvi aliyekosa. Anafika kando ya ziwa asubuhi, macho mekundu, petroli ya taa imekwisha, na ndani ya mtumbwi mna maji tu. Akina mama wenye mabeseni wanamtazama mara moja, wanaelewa, na hawamuulizi kitu. Yeye anasema, "Leo hakuna, tutarudi," kisha anaenda kulala.

Wageni wengi waliuona utulivu huo wakadhani ni uvivu. Sisi tunasema ilikuwa elimu, tena elimu yenye mpaka wake.

Mwalimu wa kwanza alikuwa mwezi. Ndakala wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Wazee wa zamani waliwasha mienge. Tangu miaka ya 1950 zikaenea taa za petroli, pamoja na mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, wavu ukishushwa katikati. Siku hizi ni taa za betri. Lakini jambo moja halikubadilika: mwezi ukiwa mpevu, mwanga unaenea ziwani kote, na samaki hawakusanyiki tena chini ya taa. Basi kila mwezi kuna siku kadhaa za kukosa, na hakuna wa kulaumiwa.

Siku hizo hazikuwa za kulia. Nyavu zilishonwa, nyufa za mtumbwi zikazibwa, watu wakapanda shambani kwenye muhogo. Wazee walikaa lubunga, lile baraza la wanaume wa ukoo kwetu Babembe, na mwenye shida alisikilizwa. Hivyo kukosa kulikuwa na siku ya kuingia na siku ya kutoka, tena mtu hakukosa peke yake. Utulivu wao ulitoka hapo, kwa sababu moyo unatulia ukijua kipimo cha shida yake.

Halafu ikaja vita ya 1996. Wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma, tukakaa kambini, Nyarugusu na kwingineko. Kule subira ilikuwa ngumu kuliko ya ziwani, maana hakuna aliyejua siku ya kurudi. Mwezi ulipevuka na kufifia mara nyingi sana, na sisi tupo tu.

Kuanzia Oktoba 2005 meli zilileta watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Kila mmoja alirudi na picha ya nyumba aliyoiacha. Wengine walikuta msitu. Wengine walikuta mtu mwingine analima shamba lao. Hapo elimu ya wavuvi ilionekana tena. Waliorudi waliomba majirani miti ya muhogo, wakapanda palipopatikana, wakaezeka nyumba, kisha ndipo wakapeleka neno la shamba mbele ya wazee. Kutulia hakukuwa kuacha haki. Mtu aliyetulia aliweza kuidai bila kushika panga.

Tunaandika haya kwa sababu leo neno "vumilia" linatumiwa vibaya. Vijana wanalalamika kwamba ndakala wamepungua, nasi tunawajibu, "Ziwa ndivyo lilivyo." Si kweli. Tangu 2003 wataalamu wameandika kwamba joto la maji ya juu linazuia rutuba ya vilindini kupanda, na hivyo chakula cha samaki kinapungua. Na sisi wenyewe tunavuta nyavu za matundu madogo zinazobeba hata vifaranga. Mwaka 2024 wenzetu wa Tanzania walifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kukosa kwa namna hii hakutaondoka mwezi ukififia.

Basi, ndugu msomaji, siku ukivunjika moyo, jiulize kwanza: hili ni la mwezi, au ni la watu? Kama ni la mwezi, lala, amka, shona wavu. Kama ni la watu, shona wavu vilevile, kisha uende lubunga useme. Wazee wetu hawakuchanganya mambo hayo mawili. Tukiyachanganya sisi, watoto wetu watarithi nyavu nzuri na ziwa lisilo na samaki.