Mnara wa kupandisha nafaka usimamishwe kwa utaratibu

KATIKA maghala ya nafaka na viwanda vya unga, kama vile vilivyoko Kitale, Eldoret na Nakuru, mahindi hupandishwa kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda unaozunguka ndani ya mnara wa chuma. Mtambo huo huletwa ukiwa vipande vipande. Kwa mafundi, hatari kubwa huja kabla haujawashwa, yaani pale mnara umeinuliwa lakini haujafungwa imara.

Kazi huanzia chini. Msingi wa zege huachwa ukomae, kwa kawaida siku 28, kabla ya kubebeshwa uzito wote. Kisha kitako cha mtambo, ambamo nafaka huingilia, husawazishwa kwa pimamaji na kukazwa kwa bolti. Kosa dogo hapa huwa kubwa juu: mnara ukiinama milimita 2 kwa kila mita, kilele cha mita 30 kitakuwa kimepotoka kwa sentimita 6.

Ni heri vipande viwili au vitatu viunganishwe vikiwa ardhini, ili kazi ya kufanywa angani ipungue. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa, na visibebeshwe kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mzigo huongozwa kwa kamba kutoka chini, wala mtu yeyote hapaswi kusimama chini yake. Upepo ukivuma kwa nguvu, kazi husitishwa.

Kanuni kuu ni moja: ndoano ya kreni isifunguliwe kabla ya kipande kukazwa na mnara kushikiliwa kwa nguzo au nyaya za chuma, kwa mujibu wa michoro ya mtengenezaji. Bolti za kitako pekee haziwezi kuuzuia mnara mrefu usianguke. Kila kipande kinapoongezwa, timazi hupimwa pande mbili. Mafundi walio juu nao huvaa kofia ngumu na mishipi ya usalama iliyofungwa mahali imara.

Mkanda na ndoo hufungwa mwishoni, baada ya mota na kizuizi cha kurudi nyuma kuwekwa. Ndoo zikijazwa upande mmoja tu, uzito wake waweza kuuzungusha mkanda ghafla na kumkata fundi mkono. Kwa hiyo, hufungwa kwa zamu ili pande zote mbili zilingane, huku mkanda ukiwa umezuiwa. Swichi kuu nayo hutiwa kufuli, na ufunguo ukae na fundi mwenyewe.

Mtambo hujaribiwa kwanza bila nafaka, vikinga vyote vikiwa mahali pake. Mkanda unaokwenda upande hukwaruza chuma na kuzua joto, na vumbi la nafaka lililotanda ndani ya mnara huweza kulipuka. Mnamo Desemba 1977, mlipuko wa vumbi katika ghala moja la nafaka mjini Westwego, Marekani, uliwaua watu 36.

Baada ya siku chache za kazi, mtambo husimamishwa, bolti zikakazwa upya na timazi kupimwa tena, kwani mtikisiko hulegeza hata kilichofungwa vyema.