Kutoka nyasi hadi mbao: historia ya nyumba ya familia Goma na Kalengera

Huko Kalengera, kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, wahami wengi waliorudi baada ya makambi ya pembeni mwa Goma kubomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025 wanauliza jambo moja: nyumba ianzie wapi? Wazee wao waliuliza hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Goma ilikuwa kijiji kidogo chenye kituo cha Wabelgiji, kikitazamana na Wajerumani wa Kisenyi. Nyumba ya familia ilikuwa ya duara: miti, matete na paa la nyasi, moto ndani, mbuzi karibu. Nyasi zilipooza, paa lilisukwa upya.

Baadaye ikaja nyumba ya pembe nne, na juu yake manjanja. Hapo ndipo vyumba viligawanyika: sebule ya wageni mbele, jiko nyuma, peke yake. Manjanja yalikuwa na faida nyingine: familia ikihama, yanang'olewa na kubebwa.

Goma ilikuwa na shida yake. Chini ni makoro, mawe ya volkano. Jembe halipiti, na hata kuchimba choo ni kazi kubwa. Kwa hiyo mafundi walipanga mawe, wakasimamisha juu yake nyumba ya mbao. Ni nyepesi, inajengwa haraka, tena inaweza kufunguliwa ubao kwa ubao.

Nyiragongo ilijaribu ujenzi huo mara tatu: Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 moto ulipita katikati ya mji, ukala kanisa kuu na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu wapatao 120.000 walibaki bila makao. Mipaka ya viwanja ilizama chini ya mawe. Jirani alimtegemea jirani kukumbuka nani alikaa wapi. Wengi walirudi kujenga palepale, juu ya makoro mapya.

Walianza na mbao na shiting. Pesa ikipatikana, makoro hayohayo yalipasuliwa kuwa msingi, kisha ukuta wa chini. Juu zikabaki mbao. Ndiyo nyumba ya nusu kudumu inayoonekana leo katika mitaa mingi. Familia inaendelea kulala ndani huku ikiijenga, chumba kimoja kimoja.

Vita navyo vinabomoa kwa njia yake. Kinachotoweka mapema ni manjanja, milango na mbao, kwa sababu vinabebeka. Msingi hubaki, na mti uliopandwa mpakani hubaki. Anayerudi Kalengera bila karatasi ya kiwanja ana mashahidi hao wawili, pamoja na wazee wa kijiji. Kabla ya kusimamisha mti wa kwanza, ni vizuri awaite waone mipaka pamoja na majirani. Chumba kimoja kilichojengwa bila ugomvi kinaweza kuongezwa mwaka ujao.